Kilima Kinachohama

Tangu Wenseslaus aondoke, taa ya kwenye njia ya kwake haikuwahi kuzimwa usiku. Aliitundika mwenyewe mwezi wa Januari mwaka 1990, kwenye mringaringa, mti mkubwa ulio pale njia inapoingia kihambani, shamba la migomba la ukoo, akijiandaa kwenda Mererani kutafuta tanzanaiti kama wanaume wengine wa Kilema, mlimani Kilimanjaro. Alivuta waya, akafunga balbu, akaifunika kwa kopo la mafuta ya kupikia alilolikata ubavu ili mvua isiipige. Kisha akamwita mke wake aje kutazama.

"Hii usiizime, Lukresia. Nikirudi gizani nisije nikakanyaga mbolea ya ng'ombe wako."

Ndivyo alivyokuwa. Neno zito alilifunga ndani ya mzaha, na mtu angelifungua baadaye akiwa peke yake. Asubuhi ya safari, akiwa na begi begani, alisema jingine: "Kuna kazi sijaimaliza huku. Kiangazi nitarudi niimalize." Lukresia alidhani anasema paa la jiko, ambalo lilikuwa linavuja tangu masika. Aliliacha likivuja miaka miwili, akimsubiri mwenye kazi yake.

Mwanzoni zilikuja salamu, na mara moja kitenge na sukari. Baadaye zilikuja habari tu. Mmoja alimwona Mererani, mwingine akasema amekwenda Tunduru kwenye vito vipya, wa tatu akasema amesikia jina kama lake Mahenge. Kisha hata habari zikakoma. Lukresia hakuvaa nguo za msiba, maana hakuna aliyemletea msiba. Kila jioni alisali rozari chini ya taa ile, na fumbo la mwisho alimtolea Mtakatifu Yosefu, kwa kuwa naye alikuwa fundi na alijua mafundi wanavyoweza kuchelewa.

Umeme wa taa ile ulitoka kwenye mtambo wa misheni. Chini ya kanisa, bondeni kando ya mto, kulikuwa na nyumba ndogo ya mawe. Maji yaliingia kwenye banio juu, yakapita kwenye chekecheke ya chuma iliyozuia majani na mawe, yakashuka ndani ya bomba kubwa, yakalipiga gurudumu la chuma lenye upana wa ungo. Gurudumu lilikuwa na mapanga yaliyopinda, kama ya feni lakini mazito, na maji yalipoyasukuma lilizunguka na kuizungusha jenereta. Kanisa, zahanati, shule, nyumba ya masista na nyumba chache zilizo karibu na nguzo zilipata mwanga. Wenseslaus ndiye aliyekuwa mtunzaji wa mtambo. Alipoondoka, Lukresia alimwendea Padre Kornel, paroko, akamwomba aushike mpaka mume wake atakaporudi. Padre alimtazama, akampa funguo.

Sasa ilikuwa Desemba ya mwaka 1996, na funguo zile zilikuwa bado mfukoni mwake.

Aliposhika kazi hakujua zaidi ya kufungua maji, kupaka grisi na kusafisha chekecheke. Ndipo alipoanza darasa la jioni huko Moshi. Kila Alhamisi alishuka mjini na kulala kwa dada yake, mtaa wa Soweto. Alikaa kwenye dawati na vijana waliokuwa rika la binti yake Stella, akajifunza sehemu na asilimia, kisha umeme. Mwalimu wao alikuwa Injinia Eliaichi, mtu wa Machame, Mlutheri mpole aliyetembea na kalamu tatu mfukoni na mara zote akaazima ya nne. Padre Kornel alipolalamika kwamba beringi za mtambo zinakufa kila mwaka, ni Lukresia aliyesema, "Tumwite mwalimu wangu."

Eliaichi alikuja mwezi wa Agosti mwaka huo na sanduku dogo lenye kioo, la kuazima kutoka karakana anayofundisha. Lilikuwa na waya, na mwisho wa waya kulikuwa na kidude cha chuma kama kizibo cha soda, chenye sumaku. Alikibandika kwenye nyumba ya beringi wakati gurudumu linazunguka. Kwenye kioo ukatokea mstari, na mstari ukapanda na kushuka.

"Unaona nini, Mama Stella?"

"Naona mlima," alisema Lukresia. "Huu mrefu ni Kibo. Ule wa kulia, mfupi kidogo, ni Mawenzi."

Eliaichi alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Basi tuviite hivyo. Huu mtambo unatetemeka, na sanduku hili linaupanga mtetemo kwa sauti. Sauti nzito zinakaa kushoto, sauti nyembamba zinakaa kulia. Kibo ni gurudumu lenyewe, kila linapomaliza mzunguko. Mawenzi ni maji yanapogonga panga moja baada ya jingine. Hivyo viwili ni halali yake. Ila hapa katikati pana kilima kidogo. Hiki sikijui kimetoka wapi."

Darasani, Alhamisi iliyofuata, alileta glasi mbili. Alizigonga kwa kalamu. Ya kwanza ililia kwa muda mrefu, ya pili ikatoa mlio mfupi na mzito. Aliipitisha ile ya pili kwa wanafunzi waione. Ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Kila kitu kizima kina sauti yake," alisema. "Kikipata ufa kinalegea, na kikilegea sauti inashuka. Sasa panga lililomo ndani ya chuma, linazunguka, limezama majini, utaligonga vipi?"

Kijana mmoja akasema, "Unazima kwanza, mwalimu."

"Ukizima, watu wa Kilema watakugonga wewe. Huna haja ya kuligonga. Maji yanaligonga. Kazi yako ni kusikiliza."

Kuanzia hapo Lukresia alisikiliza. Eliaichi alimwachia sanduku, akamwonyesha mahali pa kubandika sumaku, akapazungushia alama ya rangi nyeupe ili asikosee hata upana wa kidole. Alipima kila wiki, maji yakiwa yamejaa na chekecheke ikiwa safi. Kibo kilibaki palepale. Mawenzi kilibaki palepale. Kilima cha katikati kilikuwa kinahama. Kilisogea kushoto, polepole, kama ng'ombe anayekula akielekea shamba la jirani bila kuonekana anatembea.

"Milima haihami, Mama Stella," Eliaichi alimwambia mwanzoni mwa Desemba, sauti yake ikiwa imepungua. "Hiki ni panga moja. Lina ufa, na ufa unakua. Siku litakapokatika litavunja na mengine, na chuma kikiruka ndani ya nyumba hii hakitauliza nani amesimama wapi. Mimi ningefunga leo."

Padre Kornel alishika kichwa. Kila mtu ajuaye Kilimanjaro anajua Desemba ni mwezi gani. Mchaga aliyeko Dar, aliyeko Tanga, aliyeko Mwanza, hata yule aliyegombana na baba yake, anarudi kihambani. Barabara inajaa magari, migomba inajaa moshi wa kuchemshia mbege, pombe ya ndizi, na kanisa halitoshi.

"Tuvuke Epifania tu, Injinia, mwanzoni mwa Januari," Padre aliomba. "Watu wako njiani."

Wakapatana hivi: kuanzia siku hiyo Lukresia apime kila jioni. Eliaichi alibandika kipande cha plasta kwenye kioo, akachora mstari wa wino. Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda kwao Machame kwa sikukuu, na kule kwao hakukuwa na simu.

"Kilima kikigusa mstari huu," alimwambia Lukresia mbele ya Padre, "usinitafute mimi, usimwulize Padre. Funga maji."

Hakuna aliyejua kwamba Lukresia naye alikuwa na sababu yake ya kuomba Epifania ifike salama. Mtu aliyepotea, kama bado anatembea juu ya nchi, atarudi Krismasi. Hakurudi ile iliyopita, wala iliyotangulia. Lakini kila Desemba moyo wake ulianza upya kama mtoto asiyekumbuka kuanguka. Alisafisha kopo la taa, akabadilisha balbu kabla haijaungua, akafyeka majani kwenye njia. Ikiwa mwaka huu ndio wenyewe, na Wenseslaus akapanda mlima jioni, akainua macho na kuona mringaringa uko gizani, si atasema, Huyu amechoka kunisubiri?

Stella, binti yao, alifika tarehe ishirini na tatu kutoka Dar, alikokuwa akisomea uuguzi. Alimkuta mama yake juu ya ngazi, anafuta balbu kwa upindo wa kanga.

"Shikamoo, mama. Hata salamu utanipa ukiwa mbinguni?"

"Marahaba, mwanangu. Shika ngazi kwanza, utanibusu baadaye."

Stella aliishika ngazi, akaitazama taa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu baba yake alipoitundika.

Kesho yake, jua likiwa linashuka, Lukresia alikwenda kupima. Alibandika sumaku ndani ya alama nyeupe. Mstari ulipanda, ukashuka, ukatulia. Kilima kilikuwa kimegusa wino.

Alisema moyoni kwamba ni takataka. Alipanda mpaka kwenye banio, akatoa majani ya migomba na chupa moja ya plastiki kwenye chekecheke, akasubiri bomba lijae, akarudi. Kilima kilikuwa palepale kwenye wino, na kirefu zaidi.

Ndipo mkono wake ulipofanya jambo ambalo kichwa hakikuuagiza. Ulikibandua kile kidude, ukakisogeza upande wa pili wa beringi, mbali na alama. Kilima kikanywea. Kilikuwa kichuguu tu. Lukresia alihisi raha ikimpanda kutoka tumboni, raha ya kweli, kama mtu aliyeambiwa kwamba ugonjwa si ule. Ukipima hapa, mtambo ni mzima. Ukipima hapa, taa zinawaka mpaka Epifania.

Akasimama akisikiliza. Alipoinua macho aliona, kupitia dirisha, wanakwaya wakishuka kwenye ngazi za kanisa na mishumaa yao isiyowashwa bado, na watoto wa watu wa Dar wakikimbia kandokando ya ukuta wa nyumba ya mashine kwa sababu wamesikia kuna mtambo na wanataka kuuona. Mmoja alikuwa amebandika uso kwenye kioo cha dirisha, pua imebonyea, anamchekea.

"Bwana," alisema Lukresia, "mimi nimekuomba umrudishe mtu wangu. Hawa je, si watu wa mtu?"

Alikirudisha kidude kwenye alama yake ili aone kwa macho anachokifanya. Kisha akashika gurudumu la koki kubwa kwa mikono miwili, akaanza kulizungusha. Sauti ya maji ilipungua. Sauti ya mtambo ikashuka, ikawa nzito, ikawa ngurumo ya paka, ikaisha. Balbu juu ya kichwa chake iligeuka nyekundu kama kaa la moto, ikazimika. Kutoka juu mlimani akasikia watu wote, kijiji kizima, wakisema kwa pamoja: "Aaaa!"

Wa kwanza kushuka alikuwa Ronald, mdogo wake Wenseslaus, aliyekuja jana yake na Toyota, televisheni na deki ya video. Nyuma yake alikuja Padre Kornel na tochi.

"Shemeji!" Ronald aliita kabla hajafika mlangoni. "Sisi tumekimbia mgao wa umeme Dar, kumbe umetutangulia nao huku?"

"Shemeji, mtambo una ufa."

"Umeuona?"

"Nimeupima."

"Hujauona. Umeona mistari kwenye kioo." Ronald alikuwa amekwisha kunywa mbege kidogo, na sebule nzima ya watu ilikuwa imekaa ikisubiri sinema yake. "Shule ya jioni hiyo! Ungejifunza kushona ungetushonea mapazia. Kaka angekuwepo, taa hizi zingewaka."

"Ronald," alisema Padre.

"Nasema kweli, Padre. Kaka alilitengeneza hili gurudumu kwa mikono yake, na Krismasi ile kabla hajaondoka taa ziliwaka mpaka asubuhi. Hakuwa na sanduku."

Neno lile lilimwingia Lukresia mahali palipokuwa pazima mpaka saa ile.

Padre Kornel alimulika koki iliyofungwa, akamulika kioo cha sanduku, akainama kutazama plasta. Alikuwa mnene na alipumua kwa shida baada ya kushuka bonde. Kisha akasema, "Bwana wetu alizaliwa zizini. Sijasikia kwamba kulikuwa na swichi." Akageuka. "Twende, Ronald. Utanisaidia kutafuta mishumaa. Na hiyo Toyota ina taa mbili kubwa, utaiegesha mbele ya mlango wa kanisa."

"Betri itaisha, Padre!"

"Tutaisukuma. Mmekuja wengi."

Misa ya mkesha iliimbwa kwa mishumaa, na waliokuwepo waliisifu baadaye. Lakini Lukresia aliporudi nyumbani na Stella, njia ilikuwa giza mpaka kwenye mringaringa, na kopo lilining'inia juu kama ndege aliyelala. Alisimama chini yake. Huko barabarani gari lilipita likipanda, watu wakiimba ndani, mwanga wake ukapenya kwenye migomba, ukahama, ukaondoka. Alisubiri mpaka sauti yake ikapotea.

"Mama," alisema Stella, "baba alizaliwa hapa. Anaijua hii njia hata akifumba macho."

"Najua."

"Basi twende ndani. Umande huu."

"Nenda. Nakuja." Lakini Stella hakwenda. Alimshika mkono, wakasimama wote wawili, na kwa mara ya kwanza tangu awe msichana alianza kusali rozari kwa sauti bila kuambiwa. Lukresia aliitikia. Walipofika fumbo la mwisho sauti yake haikutoka, na Stella akaitikia kwa ajili ya wote wawili.

Hakuna mtu aliyekuja, si usiku ule wala Krismasi yenyewe.

Eliaichi alirudi tarehe ishirini na saba. Alisikia habari akiwa bado barabarani, maana watu walimsimamisha kumlaumu. Alivua koti, akafungua bolti, na kufikia mchana gurudumu lilikuwa limelala juu ya meza, limeoshwa, linang'aa. Ronald alikuwepo, mikono nyuma. Mapanga yote yalionekana mazima.

"Haya, uko wapi huo ufa?" aliuliza.

Eliaichi alipaka mapanga rangi nyekundu nyembamba kama maji, akasubiri, akaifuta yote kwa kitambaa mpaka chuma kikawa safi. Kisha akanyunyiza unga mweupe. Wakatazama. Kwa muda palikuwa na weupe tu. Halafu, kwenye shina la panga moja, ukatokea mstari mwekundu, polepole, kama damu inavyotokea mtu akijikata kwa jani la muwa. Ulikuwa umepita zaidi ya nusu ya panga.

"Ruwa wangu!" alisema Ronald, akimtaja Mungu kwa Kichaga. Alitazama ukutani palipo dirisha, mahali watoto walipokuwa wakichungulia, na mmoja wao alikuwa wake. Alivua kofia. "Shemeji," alisema. Hakuendelea, naye Lukresia hakutaka aendelee.

Eliaichi alikuwa ameinama anausafisha unga kwa kidole. "Panga hili liliwahi kuchomelewa," alisema. "Tazama, ufa unafuata ukingo wa kidonda cha zamani. Aliyechomelea alikuwa na mkono mzuri sana. Angalia alivyopanga matone, kama magamba ya samaki. Mimi siwezi hivi. Ila kilipoozwa haraka. Chuma kama hiki ukikichomelea unakizika kwenye majivu ya moto, kipoe siku mbili, tatu, chenyewe. Ukikitoa mapema kinaonekana kizima, lakini kimejikaza ndani. Ufa unaanza siku hiyohiyo. Unasubiri tu."

Lukresia aliweka kidole kwenye magamba yale. Krismasi ya mwaka 1989 ikamrudia yote. Jiwe lilikuwa limepita kwenye chekecheke wakati wa mvua na kulivunja panga. Wenseslaus alilichomelea kwa gesi ya kuazima, akalizika gurudumu kwenye nusu pipa la majivu, akasema lisiguswe mpaka Krismasi ipite. Wakaja wazee wa kanisa. Ikaja kwaya. Wakaja watu wa Dar. Kila mmoja kwa upole, kila mmoja akimwita fundi wetu. Na yeye Lukresia pia, akimpelekea uji hapa mlangoni, alisema, Watu wanasubiri, baba Stella. Alimwona akiyafukua majivu kwa mikono, analipepea gurudumu kwa gunia lipoe. Taa ziliwaka. Watu walishangilia. Yeye peke yake hakucheka usiku ule, na alipoulizwa alisema amechoka.

Kuna kazi sijaimaliza huku.

"Hakusema paa," alisema Lukresia.

"Unasemaje, mama?" aliuliza Eliaichi.

"Alijua. Alisema atarudi kiangazi aimalize. Ni hii."

Maji ya mto yalisikika nje, yakipita bila kazi.

Eliaichi alizungumza taratibu. "Panga linaweza kupona, Mama Stella. Lakini lazima nisage hii weldi yote ya zamani mpaka nifike kwenye chuma kizima, ndipo nichomelee upya. Haitabaki alama yake. Ukitaka ningoje..."

Hakujua angengoja nini. Lukresia alijua. Kwa miaka yote aliamini, bila kujiambia, kwamba kazi isiyokwisha ni kamba. Mwisho mmoja umefungwa hapa Kilema, mwisho mwingine umefungwa kwenye kiuno cha mtu, popote alipo. Mwingine akiimaliza, ni nini kitamvuta? Milima haikutani, binadamu hukutana, watu walimwambia hivyo kila mwaka, naye aliitikia amina. Alifunika kile kidonda chote kwa kiganja. Kilikuwa baridi. Aliomba, lakini si kwa maneno. Baada ya muda aliona kwamba anachokishika si mkono wa Wenseslaus. Ni haraka ya watu, na yake mwenyewe ikiwemo, ambayo Wenseslaus aliichukia.

"Saga," alisema, akaondoa mkono. "Saga, uimalize kama alivyotaka yeye."

Alitoka nje cheche zilipoanza kuruka, akalia akiwa ameegemea bomba. Kisha akajipangusa akaenda kutafuta majivu.

Hayakuwa haba. Hakuna siku Kilema ina majivu mengi kama baada ya Krismasi. Kila jiko lilikuwa limepika pilau, kila ua ulikuwa umechemsha mbege. Stella alizunguka na ndoo nyumba kwa nyumba, na wanawake wakamsaidia kubeba, majivu yakiwa bado na makaa yanayopumua ndani. Ronald alileta ya kwake kwenye buti la Toyota. Nusu pipa lilijaa. Eliaichi alilipasha gurudumu kwenye mkaa mpaka likaiva, akachomelea, na wakalizika lingali jekundu, wakalifunika kwa magunia.

"Lisiguswe mpaka kiganja kisisikie joto hata kidogo," alisema Eliaichi.

"Nitakaa nalo mimi," alisema Lukresia.

Alikaa nalo kwenye kigoda, na rozari. Watu wa Dar walipita kuuliza, kwa upole, maana mwaka mpya ulikuwa unakaribia na wengi walikuwa wanaondoka baada yake. Walimwambia ingependeza waone taa zikiwaka kabla hawajashuka. Walimletea mtori wa ndizi na nyama. Aliwashukuru, akala, akaendelea kukaa.

Jioni ya mwisho wa mwaka Padre Kornel alishuka bonde, akipumua, akaketi kwenye jiwe karibu naye. Ronald alikuwa nyuma yake, funguo za gari mkononi. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo, na juu ya migomba Kibo kilionekana, cheupe, palepale kilipokuwa siku zote.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Stella."

"Milele na milele, amina, Padre. Shikamoo."

"Marahaba. Watu wamenituma. Wanauliza kama limepoa."

Lukresia aliinua gunia, akaingiza mkono ndani ya majivu mpaka kwenye kiwiko, akagusa chuma. Alikaa hivyo muda mrefu, amefumba macho. Kulikuwa na joto dogo, la mbali sana, kama la kitanda ambacho mtu amekiacha alfajiri.

"Bado," alisema.

Alitoa mkono, akalifunika gunia vizuri pande zote, akaendelea kusali pale alipokuwa ameachia.